Mirija ya Alama Nyekundu

Barua pepe ilifika asubuhi ya Jumatatu. Mkuu wetu wa maabara hakuniita ofisini kama kawaida yake. Alikuja mwenyewe mpaka kwenye meza yangu, akavuta kiti, akakaa karibu nami kama mtu aliyekuja kutoa habari za msiba.

"Ile kazi ya Prof ya vyura," akasema, "unaikumbuka vizuri?"

Nikamwambia naikumbuka. Ningeisahau vipi? Ndiyo iliyonipa kazi hapa Nakuru.

"Kuna labu ingine huko nje imejaribu kuirudia. Wamejaribu mara nyingi sana. Wanasema hakuna kimelea hata mmoja alikufa."

Nikacheka. Sikuwa nimefurahi, ila sikujua uso wangu ufanye nini. Mkuu wetu ni mwanamke mdogo kwangu kwa miaka michache, amesoma kunizidi, na hana tabia ya kupoteza maneno. Alingoja mpaka nilipomaliza kucheka.

"Nataka urudie wewe," akasema. "Kila kitu, vile mlifanya. Sitaki umtetee Prof, na sitaki umshtaki. Nataka tu kujua."

Upande wa Gilgil, kwenye mapango na mawe makubwa, kuna ugonjwa wa vidonda vya ngozi. Usubi, mdudu mdogo kuliko mbu, humuuma pimbi anayeishi kwenye mawe, kisha humuuma mtu, na pale alipouma huota kipele. Kipele huwa kidonda, na kidonda hukaa usoni mwa mtoto mwaka mzima au zaidi. Kinachokula ngozi hiyo ni kimelea asiyeonekana kwa macho. Dawa ipo, lakini ni sindano inayochomwa kwenye kidonda chenyewe, tena na tena, na nimewahi kuona mwanamume mwenye ndevu akiikimbia.

Prof alikuwa mwalimu wangu. Alikuwa na wazo moja alilolishikilia miaka mingi: kwamba ngozi ya chura, ambayo hukaa kwenye matope machafu bila kuoza, lazima ina kitu cha kujikinga. Na kweli inacho. Hutoa vijipande vidogo vya protini ambavyo wataalamu huviita peptidi, na vingine huweza kutoboa ganda la vijidudu. Prof alikusanya vyura kwenye vinamasi vya Mau Narok, katikati ya mashamba ya ngano, akawakwangua ngozi taratibu na kuwarudisha majini, na baada ya kazi ndefu akapata peptidi moja aliyoiamini. Akaagiza itengenezwe. Ilikuja kama unga mweupe ndani ya kichupa kidogo kuliko kidole changu. Tulipoitia kwenye vimelea wa Gilgil, wakafa.

Nasema "tulipoitia" kwa sababu aliyekuwa kwenye hadubini akihesabu nilikuwa mimi. Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Nilikwenda kulitoa daftari la siku hizo kabatini, na ndani yake nikakuta mwandiko wangu wa zamani, wa duara na wa kujipendekeza, na pembeni mwa ukurasa mmoja nimeandika: Wamekufa wote!! Alama mbili za mshangao.

Nikaanza kazi. Nilitoa vimelea kwenye friza, nikawaamsha, nikawalisha mchuzi wao wenye majimaji ya damu ya ndama, nikawaacha waongezeke. Kimelea akiwa mzima ana mkia mrefu unaotokea mbele, na ukimwangalia kwa hadubini anapiga huo mkia kama mtu anayejaribu kuvua koti akiwa anakimbia. Ukimwona ametulia, mkia umelala na mwili umevimba, huyo amekufa. Niliwagawa kwenye vibao vya plastiki vyenye vishimo, vingine nikavitia peptidi, vingine maji matupu ya kulinganishia. Kesho yake nikaangalia.

Wote walikuwa wakiogelea. Kwenye maji walikuwa wakiogelea, na kwenye peptidi walikuwa wakiogelea.

Nikarudia. Nikaongeza peptidi. Nikarudia tena kwa mikono ya uangalifu zaidi, nikidhani labda mara ya kwanza nilikosea kupima. Hakuna kilichobadilika. Mkuu alipopita aliuliza kwa macho tu, nami nilitikisa kichwa.

Nikajiambia kosa ni la vimelea. Walikuwa wamekaa kwenye friza miaka, wamekuzwa na kukuzwa tena, huenda walikuwa wamegeuka kitu kingine. Basi tukaomba ruhusa zinazohitajika na nikaenda zahanati moja upande wa Gilgil, siku ya kliniki ya ngozi, kutafuta vimelea wapya.

Pale nilimkuta mama mmoja na binti yake wa darasa la tatu. Mtoto alikuwa na kidonda shavuni, kikubwa kama kizibo cha chupa ya soda, kimeinuka kingo. Muuguzi alimweleza mama tunachotaka: kukwangua ukingo kidogo, kidogo sana, kwa ajili ya utafiti. Mama akakubali. Mtoto alishika vidole vyangu akavifinya mpaka kazi ilipoisha, wala hakulia.

"Nyinyi ni wale wa vyura?" mama akaniuliza.

Nikashangaa. "Umejuaje?"

"Nilisikia yule mzee wenu kwa baraza ya chifu. Alisema dawa iko karibu." Akamwangalia binti yake, akamfunga kitambaa kichwani upya. "Huyu alikuwa hajazaliwa."

Alisema hivyo bila lawama, kama anayenisaidia kukumbuka. Nikamwambia kwamba bado tunaendelea. Njiani kurudi Nakuru nilijiuliza maana ya neno hilo, "tunaendelea", na sikuipata.

Vimelea wa binti yule walikubali kukua. Lakini siku nilipotaka kuwajaribu, vibao vya plastiki vilikuwa vimekwisha na vipya vilikuwa bado havijaletwa. Sikutaka kungoja. Chini ya sinki kulikuwa na kreti ya mirija ya kioo ya zamani, ile tuliyokuwa tukiitumia enzi za Prof, kabla maabara haijapata uwezo wa kununua plastiki za kutumia na kutupa. Mingine ilikuwa na utepe mwekundu shingoni, mingine haikuwa na kitu. Nikaitoa, nikaiangalia kwenye mwanga, nikaona iko safi. Kwenye ile myekundu nikaweka peptidi, kama zamani, na kwenye ile mingine maji.

Kesho yake nilichungulia kwenye hadubini nikaona kimya kitupu. Miili imelala kila mahali, imevimba, mikia haisogei. Nikabadilisha mrija. Kimya. Nikaangalia ile ya maji: wanaogelea, wanasukumana, hawana habari. Nilisimama nikatembea mpaka dirishani na kurudi. Moyo ulikuwa unanipiga kama wa msichana yule mwenye alama mbili za mshangao.

Nilimpigia Prof simu palepale. Siku hizi anaishi Elburgon, amestaafu, analima viazi na kupanda miti ya mbao. Nilimweleza yote, kuanzia barua pepe mpaka vimelea wa asubuhi ile. Upande wa pili kulikuwa na kelele ya msumeno wa mbao, kisha akahamia mahali pa kimya.

"Glasi!" akasema. "Hao watu wa nje wanatumia plastiki. Si unajua peptidi kama hii inashikana na plastiki? Inanata kwa ukuta, kwa maji haibaki kitu. Waambie watumie glasi!"

"Kwa hivyo tulikuwa sawa?"

"Msichana wangu, wewe ndiye ulihesabu. Mbona unaniuliza?"

Nilipokata simu nilihisi wepesi ambao sikuwa nimeuhisi kwa wiki kadhaa. Mkuu wetu alikubali kwamba jambo hilo la plastiki linajulikana. Peptidi nyingine hunata hivyo, si hadithi. Vibao vipya vilipofika nikajaribu tena kwa plastiki, na vimelea wakaishi. Nikajaribu tena kwa mirija ya alama nyekundu, wakafa. Plastiki wanaishi, kioo wanakufa. Ilikuwa wazi. Nilianza hata kuandika rasimu ya majibu kwa ile maabara ya nje, kwa Kiingereza cha heshima chenye kiburi kidogo ndani yake.

Mtu aliyeniharibia barua hiyo alikuwa mama anayeosha vyombo vya maabara. Yeye amefanya kazi pale miaka mingi kutushinda sote. Sisi sote tunamwita mathe. Siku hiyo aliingia kuchukua vyombo vichafu, akaiona ile mirija mezani, akatabasamu kama aliyekutana na watu wa kwao.

"Hizi tube ziko bado?" akasema. "Hizi nyekundu zilinisumbua sana."

"Zilikusumbua aje, mathe?"

"Prof alikuwa anaogopa dawa yake iingie kwa zile tube zingine. Aliniambia nyekundu niziweke kando, niziloweke kwa sabuni yao peke yake, siku mbili tatu. Sabuni mingi. Hizo zingine zilikuwa za maji tu, nazo nilikuwa nachemsha basi."

Nikaweka kalamu chini. "Na kuzisuuza?"

"Prof alisema mara tano." Akacheka. "Lakini maji yalikuwa wapi? Unakumbuka vile mifereji ilikuwa inakauka. Nilikuwa nasuuza mara moja, nazianika kwa jua. Siku maji iko, mara mbili."

Nilichukua mrija mmoja mwekundu usiotumika nikauinua dirishani. Safari hii niliangalia kwa makini. Chini kabisa, pale kioo kinapopinda, kulikuwa na utando mweupe mwembamba, kama pumzi iliyoganda.

Mathe alikuwa akiuangalia uso wangu, si mrija. "Kwani niliharibu kitu?" akauliza.

"Hapana, mathe. Sijui. Hapana."

Hakuniamini. Alichukua vyombo vyake akatoka polepole, na siku hiyo hakuimba kwenye chumba chake cha kuoshea vyombo kama alivyozoea.

Sabuni huua. Kila mtu anajua, hata mtoto anayefundishwa kunawa mikono. Kama mirija ya dawa ndiyo iliyobaki na sabuni, na mirija ya maji haikuwa nayo, basi kwa miaka yote hiyo tulikuwa tukilinganisha sabuni na maji na kuita tofauti hiyo chura. Lakini pia peptidi hunata kwenye plastiki. Kwa hiyo kwenye plastiki vimelea wanaishi labda kwa sababu dawa imemezwa na ukuta, au labda kwa sababu hapakuwa na dawa yoyote ya maana tangu mwanzo. Maelezo mawili, yote mawili ya kweli katika vitabu, moja likisema tulikuwa sawa na lingine likisema tulikuwa wajinga, na vimelea wafu walewale wakiyashuhudia yote mawili. Nilimweleza mkuu, nikajikuta nimelieleza mara mbili kwa maneno tofauti, na mara ya pili sikujielewa.

Yeye alielewa haraka kuliko mimi. "Utahesabu bila kujua unahesabu nini," akasema.

Tukapanga. Tulinunua mirija mipya ya kioo, ikasuuzwa kwa maji safi mara nyingi mpaka mathe mwenyewe akasema imetosha. Ile ya zamani ya alama nyekundu tulimwomba aioshe kama alivyoosha zamani, sabuni mingi, kusuuza mara moja. Hilo lilihitaji kubembeleza; aliona kama anaombwa arudie kosa mbele ya watu. Mkuu akabandua utepe kwenye kila mrija wa zamani, akaibandika yote namba alizozijua yeye peke yake. Mipya mingine ikatiwa peptidi, mingine maji. Ya zamani mingine peptidi, mingine maji. Orodha ya namba akaifunga ndani ya bahasha, akaiweka kwenye droo yake.

Nilihesabu kutwa nzima. Sikuwahi kuhesabu hivyo. Zamani nilikuwa naangalia mrija nikijua ni wa dawa, na jicho lilikuwa tayari limeshaamua. Kimelea aliyepiga mkia mara moja akatulia, nilimhesabu kuwa amekufa. Sasa kila mmoja wao alinisumbua. Huyu anasogea, au ni maji yanayomsogeza? Hawa walioshikana vichwa kama petali za ua, ni sita au saba? Kulikuwa na mirija iliyokuwa kimya kabisa, na mirija iliyojaa uhai, na mingine ya katikati ambako wengine walikuwa wamelala na wengine wakijikokota. Kufikia alasiri nilikuwa nimeshajiwekea siri yangu moyoni: ile iliyo kimya ni ya peptidi. Nilikuwa na hakika.

Mkuu akaleta bahasha. Mathe alikuja pia, akasimama mlangoni na taulo mkononi. Mkuu akasoma namba moja moja, nami nikawa nasema nilichokiona.

Mirija ya zamani yenye peptidi: kimya. Mirija ya zamani yenye maji matupu: karibu kimya pia. Mirija mipya yenye maji: uhai tele. Na mirija mipya yenye peptidi ndiyo ile ya katikati, ya wale waliolala na wale wanaojikokota.

Kisha mathe akauliza kutoka mlangoni, "Sasa ni mimi ama ni chura?"

"Ni wewe sana," mkuu akamjibu kwa upole, "na chura kidogo."

Mathe alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango akaweka taulo usoni. Nilikwenda nikamshika bega. Alikuwa analia, lakini aliponiangalia aliniambia kitu ambacho sikukitarajia: "Miaka yote hiyo nilikuwa nafikiria hiyo kazi yangu haina maana kwa hii labu." Mpaka leo sijui kama yalikuwa ni majonzi au kitu kingine.

Tulirudia siku nyingine, na nyingine. Sabuni iliua kila mara. Peptidi peke yake, kwenye kioo kipya, siku moja iliua nusu, siku nyingine wachache, na siku moja haikuua kitu kabisa, na hatukuona tulichobadilisha. Mkuu akasema pengine ni majimaji ya damu ya ndama kwenye mchuzi. Nayo hushika peptidi. Tukapunguza. Ikawa afadhali, kisha haikuwa.

Kabla ya kwenda kumwona Prof nilisoma daftari la zamani mara ya mwisho, ukurasa kwa ukurasa, na hapo ndipo nikaona jambo ambalo nililipita mwanzo. Katika jedwali moja, kwenye mirija ya maji, kulikuwa na mstari uliokatwa kwa wino. Chini ya mkato maneno bado yanasomeka: mrija wa maji, alama nyekundu, wengi wamekufa. Pembeni limeandikwa neno moja, "umechafuka", kwa herufi kubwa ambazo zinaweza kuwa za mtu yeyote. Siku hiyo mtu alikuwa ametia maji kwenye mrija mwekundu kwa bahati mbaya. Ukweli ulikuwa umekuja wenyewe ukakaa mezani, nasi tukaukata.

Nilijaribu kukumbuka. Naikumbuka kalamu, ilikuwa moja, tulikuwa tukipokezana. Namkumbuka Prof amesimama nyuma yangu, harufu ya sweta lake la sufu. Sikumbuki mkono uliokata.

Elburgon kulikuwa na baridi na ukungu wa Mau ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa. Prof alinipokea shambani, viatu vya mpira miguuni, akaniketisha kwenye gogo na kuniletea chai yeye mwenyewe. Nilimweleza taratibu. Alinikatiza mara mbili kwa sauti ya juu, mara ya kwanza kuhusu plastiki na mara ya pili kuhusu mathe.

"Nilimwambia mara tano! Mara tano!"

"Maji hayakuwa, Prof."

"Angeniambia!"

"Ungemsikiza?"

Sikuwa nimewahi kumjibu hivyo maishani mwangu, na nilitamani kulirudisha neno. Alinyosha mkono akaomba daftari. Nikamwonyesha ule mstari. Alivaa miwani, akaukaribia, akaupapasa kwa kidole gumba kana kwamba wino ungempa jibu.

"Huu mstari uliukata wewe," akasema mwishowe. Hakuwa na hasira. "Nakumbuka ulikuja ukaniambia, Prof, huu umechafuka. Nikakuambia sawa."

"Mimi nilidhani ni wewe uliyeniambia niukate."

"Hapana. Ni wewe."

"Sikumbuki hivyo, Prof."

Tuliangaliana. Hakuwa anadanganya, namjua. Nami sikuwa nadanganya. Chai ilipoa mikononi mwetu. Msumeno wa jirani ukaanza, ukanyamaza, ukaanza tena.

"Kwa hivyo nilidanganya watu," akasema.

"Sijui kama ni kudanganya. Chura anafanya kitu. Kidogo."

"Hukusikia vile niliongea kwa ile baraza. Sikusema kidogo."

Kisha akaniuliza baraza la eneo lile huwa siku gani. Nilijaribu kumkataza. Nilimwambia tutaandika ripoti, mkuu ameshaianza, jina lake litakuwa juu pamoja na yetu, hiyo yatosha. Akasema watu wale hawasomi majarida yetu, wao walimsikia kwa masikio.

Basi nilikwenda naye. Baraza lilikuwa chini ya paa la mabati karibu na ofisi ya chifu, watu wameketi kwenye mabenchi na wengine kwenye majani, joto la Gilgil limeanza kupanda. Prof alivaa koti la suti na tai. Chifu alimkaribisha kama mgeni mkubwa, "yule mwanasayansi wetu wa vyura", na watu wakapiga makofi, jambo lililomfanya azidi kuonekana mgonjwa.

Alisimama akasema yote. Alisema alikuja hapo zamani akawaambia dawa iko karibu, na kwamba alisema mapema mno. Alisema kilichokuwa kikiua vimelea kwenye vyombo vyake, sehemu kubwa, ni sabuni iliyobaki kwa kutosuuzwa, na kwamba kosa ni lake kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na wajibu wa kuangalia. Alisema wenye vidonda wasingoje chura, waende zahanati wakachomwe sindano ijapokuwa inauma. Hakumtaja mathe. Hakunitaja mimi.

Mwanamume mmoja wa makamo, mfugaji, akainua fimbo yake. "Prof, sijaelewa. Hiyo dawa iko ama haiko?"

Prof akaniangalia. Nilitikisa kichwa kwa namna ambayo hata mimi sijui ilimaanisha ndiyo au la.

"Iko kidogo," akasema.

"Kidogo ni kiasi gani?"

"Hiyo ndiyo hatujui. Siku zingine inafanya, siku zingine haifanyi."

Mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma akauliza, "Na hiyo sabuni, kama inawaua, tuoshe vidonda nayo?"

Watu wakacheka, lakini si kwa kejeli. Lilikuwa swali la maana na wengine wakageuka kungoja jibu. Prof akaeleza kwamba sabuni huua vimelea chupani, lakini ndani ya ngozi haifiki, na itakayoumia ni nyama ya mtoto. Alieleza kwa subira, kama alivyokuwa akieleza darasani, akionyesha kwa mikono yake ngozi ya juu na ngozi ya chini. Mwanamke akashukuru. Mfugaji akakaa, akimnong'oneza mwenzake kitu, na mwenzake akainua mabega.

Chifu akamshukuru mgeni kwa ukweli wake, akafungua karatasi na kuendelea na jambo lililofuata, ambalo lilikuwa la fisi aliyekuwa akivunja mazizi. Hapo mabenchi yakachangamka. Kila mtu alikuwa na la kusema juu ya fisi.

Prof alikaa karibu nami, akalegeza tai. Jasho lilikuwa limemlowesha kola. Baada ya muda akaniinamia sikioni.

"Wameelewa?" akauliza.

Nikamwambia wameelewa. Kisha tukakaa tukisikiliza habari za fisi mpaka mkutano ukaisha, kwa sababu isingekuwa heshima kuondoka.